Sikukuu ya Kuwafukuza Chui

Paukwa!

Pakawa.

Lo, mmelala? Leo ni sikukuu! Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo kale chui wa ng'ambo walivuka mto, wakaitawala nchi ya wanyama wadogo. Wadogo wakapigana nao, wakawafukuza. Fisi, shujaa wetu, vita vyote alikuwa shimoni. Vilipokwisha akatoka, akajivika nishani, akajiita Jemadari.

Tangu hapo, kila mwaka, Sikukuu ya Ukombozi. Wadogo wanapika, Fisi anakula. Wadogo wanasimama juani, Fisi anakaa kivulini. Wadogo wanapiga makofi, pa! pa! pa! Fisi anabeua. Uhuru mtamu, jamani!

Mwaka mmoja Bi Nguchiro, mjane wa vita, aliambiwa atoe kuku wake wa mwisho. Mayai ya kuku huyo ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha wanawe watatu. Roho ilimuuma. Akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Jemadari."

"Marahaba. Kuku yuko wapi?"

"Anakuja. Ila mwaka huu tuna igizo la ukombozi, na tumekosa wa kuigiza chui."

"Mimi niwe adui?" Fisi akanuna.

"Basi tutampa Ngiri. Maana chui anakula kwanza, peke yake, vyungu vyote."

"Ngiri hajui kuigiza!" akasema Fisi upesi. "Na mimi madoa ninayo tayari."

Sikukuu ikafika. Fisi akakaa kitini, akanguruma, akawatukana wadogo. Mazoezi hakuyahitaji hata kidogo. Akala chungu cha kwanza, nyam! nyam! Akala cha pili, nyam! nyam! Akanyoosha mkono kwenye tenga la kuku.

Bi Nguchiro akapiga mbinja, fyuuu! "Ukombozi!"

Wadogo wakamvamia kwa fimbo. Pu! Pa! Pu!

"Polepole! Si ni igizo?"

"Unaliweza, Jemadari!" akasema Bi Nguchiro, huku akimchapa. "Hata chui alilia hivyo hivyo!"

Chubwi! Fisi mtoni, akatokea ng'ambo akitweta. Wadogo wakakaa kivulini, wakala vyungu vilivyobaki. Bi Nguchiro akarudi kwake na kuku wake kwapani, mzima.

Mpaka leo Fisi huita kutoka ng'ambo: "Igizo limekwisha?"

"Bado, Jemadari! Endelea hivyo hivyo!"

Basi, watoto, hadithi hii inatufundisha kuwatii wakubwa, kutoa kuku tukiambiwa, na kusimama juani bila kunung'unika. Si mmemsikia Bi Nguchiro?

Hadithi yangu imefika ukingoni. Tamu yake bebeni nyumbani. Chungu yake mpelekeeni Fisi ng'ambo.