Makumbi Barazani kwa Sultani Hilali

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani uliotawaliwa na Sultani Hilali, kiliingia kikohozi kibaya, kikawa kinazoa watu nyumba kwa nyumba. Sultani akaamuru kila mtu afunike pua na mdomo kwa barakoa, na atakayeonekana uso wazi atiwe gerezani. Watu wakatii, tena kwa bidii ya kupigiwa mfano. Wakazivaa kidevuni, wakazitundika sikioni, na penye lango la soko barakoa moja ikawa inaingiza ukoo mzima: huyu akishapita humrushia mwenziwe nje, naye huivaa na jasho lake. Askari wakaridhika, na kikohozi nacho kikaridhika.

Barazani kwa Sultani mambo yalikuwa mazuri zaidi. Kusema na mfalme mdomo umefunikwa kulihesabiwa utovu wa adabu. Basi kila mwenye haja alishusha barakoa, akamkoholea kwa heshima, kisha akaipandisha akienda zake. Sultani mwenyewe hakuvaa, maana nani angemtia gerezani?

Basi palikuwa na maskini mmoja aitwaye Machano, mvivu mashuhuri, aliyelishwa na mkewe, Bi Mize, msokota kamba za usumba. Bi Mize akashikwa na kikohozi. Machano alikuwa na barakoa moja tu, akamvika mkewe, akatoka uso wazi kumtafutia dawa. Hakufika mbali, askari wakamkamata, wakamfikisha mbele ya Sultani.

"Ewe Machano, umeidharau amri yangu?"

"La, bwana wangu. Nimeitii kwa uso wa mke wangu, maana ndiye anayekohoa. Nakusihi usinitie gerezani. Mle wamejazana wasiovaa barakoa, wanakoholeana usiku na mchana. Nikifa, nani atampa mgonjwa wangu maji?"

Waziri Nasibu akashusha barakoa, akasema, "Bwana wangu, ana ulimi mrefu huyu!" Akaipandisha.

Sultani akatabasamu. "Nitakuachia kwa sharti. Ijumaa baada ya sala, watu wote watakaokuwapo hapa barazani wawe wamefunika pua na mdomo sawasawa. Usitumie askari, wala fimbo, wala usiwaambie neno. Ukishindwa, gereza."

"Wote, bwana wangu? Asibaki hata mmoja?"

"Wote!"

Barazani pakavuma kicheko. Machano akarudi nyumbani mbio, kwa kuwa alimpenda mkewe kuliko hata usingizi.

"Mke wangu, yale makumbi uliyoyafukia matopeni, yameoza?"

"Yameoza barabara. Mbona leo unaulizia kazi? Umeshikwa na homa?"

Makumbi ya nazi hufukiwa matopeni miezi mingi, ndipo yatoe usumba wa kamba. Na siku ya kuyafukua, hata mbwa huhama mtaa.

Ijumaa ikawadia. Sultani ameketi, watu wamejaa, barakoa zimetulia videvuni. Machano, kajifunga kanga ya mkewe usoni, akasukuma mkokoteni hadi mbele ya kiti cha enzi, akayamwaga makumbi. Lo! Barakoa zikapanda mbio. Wasio nazo wakajifunga vilemba, wengine wakazamisha vichwa ndani ya kanzu. Sultani naye akavuta ncha ya kilemba chake, akajiziba hadi chini ya macho.

Waziri Nasibu, kwa mazoea, akashusha barakoa ili aseme. "Bwana wangu, hu..." Akavuta pumzi moja, akaangukia mto wa Sultani.

"Ondoa uchafu huu!" Sultani akapiga kelele ndani ya kilemba.

"Siwezi, bwana wangu. Umesema wote, na nikiyaondoa watafunua, nami nitakwenda gerezani. Tazama mji wako ulivyotii! Uvundo wa makumbi haujamuua mtu, na mmejiziba wenyewe. Kikohozi kinatuzika kila siku, nacho mnakishushia barakoa kwa adabu."

Macho ya Sultani yakaiva kwa aibu na kwa harufu. Kisha akasema, "Umeshinda. Rudi kwa mkeo. Wafungwa nao wafunguliwe. Na tangu leo, asemaye nami mdomo wazi ndiye asiye na adabu, nami nitajifunika kama wao. Sasa yaondoe!"

"Naam, bwana wangu, nayaondoa," akajibu Machano, akiinama kuokota kumbi moja. "Ila kidogo kidogo, mpaka mzoee."

Sultani akacheka hadi machozi yakamtoka, na asionekane jino.