Kisima cha Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni motoni, na wa nyuma wasikie.

Hapo zamani za kale palikuwa na ukame, Mfalme Tembo akaamuru kichimbwe kisima. Msimamizi akawa Nyani, jina lake Mkumbo. Mkumbo akamwita kaka yake, kaka akamwita shemeji, shemeji akamwita jirani. Kufumba na kufumbua, shimo zima limejaa nyani.

Naye Muhanga, jina lake Nyamizi, mchimbaji tangu kuzaliwa, akaja langoni.

"Naomba kazi, bwana."

"Nani anakujua humu ndani?" akauliza Mkumbo.

"Hakuna. Lakini nachimba."

"Rudi nyumbani."

Kesho yake akaja. Rudi nyumbani! Siku ya tatu akaja tena, midomo imemkauka, wanawe hawajanywa tangu juzi. Kabla Mkumbo hajafungua kinywa, ardhi ikanguruma. Kuta za shimo zikaporomoka, puu! Nyani watano wakafukiwa.

"Chimbeni!" Mkumbo akalia. "Kaka yangu yumo!"

Nyani wakaparura, mchanga ukazidi kumiminika. Kila mmoja alimjua mwenzake. Hakuna aliyeujua udongo.

Nyamizi akampita Mkumbo bila ruhusa. "Tokeni ukingoni, mnawaua!" Akaingilia ubavuni, kwenye udongo mgumu. Akachimba, akachimba, akachimba. Akawatoa wanne wakiwa hai. Wa tano, kaka yake Mkumbo, alikuwa hapumui. Nyamizi akamlaza kifudifudi, akampiga mgongoni mara moja, mara mbili, mara tatu. Nyani akakohoa.

Tembo akamvua Mkumbo usimamizi, akampa Nyamizi.

Asubuhi muhanga wote wamejaa langoni, mbele yao Maduhu, kaka aliyemlea Nyamizi.

"Dada, sasa ni zamu yetu. Watoe hao."

Nyamizi akasimama langoni. "Kila mtu aingie nimwone kazini," akasema. "Na nyani pia."

Muhanga walichimba vizuri, lakini nani apande na kamba kutoa udongo? Nyani. Akachukua hawa na hawa. Ila Maduhu alichimba ovyo, akawafukia wenzake miguu.

"Kaka, wewe hapana."

"Mimi? Ndugu yako wa tumbo moja?" Akaondoka bila kuaga.

Siku ya tisa maji yakabubujika, watu wakashangilia. Maduhu hakuja, alimtuma mkewe. Nyamizi akamjazia mtungi mwenyewe.

"Kaka hajambo, wifi?"

Wifi akajitwika mtungi, akaenda zake.

Na hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia.