Kasuku wa Nyati na Jiko la Ndani

Hadithi hii alinipa shangazi yangu Namkunda, hukuhuku milimani, kipupwe kama hiki, tunachambua maharage. Kila akifika katikati anatupa ungo chini kwa hasira. Na mimi ndivyo ilivyo, nikiisimulia damu inachemka. Kwa hiyo mkisikia sauti imepanda, msiogope, siwagombezi nyinyi. Namgombeza Nyati.

Haya, sogeeni huku.

Hapo zamani za kale, wanyama bado wana nyumba zao na vyungu vyao na majirani wa kusemana nao, Nyati alijenga nyumba kubwa juu kabisa ya mlima, kule ukungu unakokaa mpaka mchana. Akafuga kasuku. Kasuku wa kijivu, mkia mwekundu kama pilipili, alimtoa kwenye misitu ya joto kule chini. Akamtengenezea tundu la fito, akalitundika sebuleni.

Sasa ndege wa joto, umlete kwenye baridi hii! Kipupwe kilipoingia, Kasuku akaanza kutetemeka, tetete, tetete, manyoya yamemsimama kama ufagio.

"Baba," akamwambia Nyati, "nakufa na baridi."

"Ufe kwangu?" Nyati akasema. "Mimi Nyati? Subiri uone!"

Akafanya nini? Akabeba jiko la mkaa akaliingiza ndani. Na mkaa wenyewe haujakolea, mweusi bado, unafuka ule moshi wa kuumiza kichwa. Akaliweka wapi? Chini ya tundu! Chini yake kabisa, kama anabanika mahindi! Halafu akaziba dirisha kwa gunia. Nyufa akaziba kwa matambara. Chini ya mlango akasokomeza blanketi. Hata sisimizi hana pa kupita.

"Hilo ndilo joto," akasema, akajipiga kifua, du!

Kasuku akakaa kidogo, akaita, "Baba, kichwa kinaniuma."

"Ni baridi hiyo inatoka."

"Baba, koo limekauka. Macho yanawasha."

"Mke wangu, ongeza mkaa!"

Mnaona? Mgonjwa anasema panapouma, yeye anaongeza mkaa! Nikikumbuka hapo natamani ningekuwa na mwiko wa ugali mkononi.

Sasa, chini kidogo kwenye majabali aliishi Pimbi. Mnamjua pimbi, kanyama kadogo, hakana mkia, hakana pembe, ila mdomo kanao. Siku hiyo mchana Pimbi alikuwa anapita na kuni zake. Akasimama. Mbona kimya? Kasuku huyu akimwona mtu njiani hanyamazi! Leo hata "nani huyo" hakuna!

Ngo, ngo, ngo! "Hodi humu ndani!"

Nyati akafungua mlango kidogo, upana wa pua yake. Hewa ikamtokea Pimbi usoni, nzito, ya moto, mpaka akakohoa. Akachungulia. Kasuku ameshuka kwenye kijiti chake, amekaa chini kwenye sakafu ya tundu, mabawa yamelegea, mdomo wazi, anahema haa, haa, haa.

"Shikamoo mzee. Huyu ndege anakufa!"

"Anasinzia. Amepata joto, anasinzia."

"Ndege hasinzii mdomo wazi, mzee! Toa jiko! Toa hilo gunia dirishani!"

Nyati akacheka, hoho! "Wewe unayelala kwenye mawe ndiye wa kunifundisha nyumba? Mke wangu, njoo usikie, Pimbi ameleta ushauri! Nenda zako huko, kijitu kisicho na mkia!"

Mlango, paa!

Pimbi akabaki nje anatetemeka, na si kwa baridi. Hasira! Afanye nini? Avunje mlango? Mlango wa Nyati hata tembo angefikiri mara mbili. Na mle ndani yule kiumbe pumzi zinahesabika.

Akaangaza huku na huku, akaona kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, kimetupwa uani. Akakiokota, akatabasamu.

Kwa sababu, wajukuu zangu, milimani huku kulikuwa na mwiko. Jirani akija kuomba moto, hanyimwi. Unampakulia makaa kwenye kigae, anakwenda kuwasha kwake. Na aliyebeba moto hafungiwi mlango mgongoni. Mlango unabaki wazi mpaka arudishe kigae. Ukimfungia, moto wako unakuwa baridi, chungu hakiivi kwako mwaka mzima. Nyati huyo simba alikuwa hamwogopi, lakini mwiko huo, mama yangu wee!

Ngo, ngo, ngo!

"Nani tena?"

"Ni mimi, jirani. Nimekuja kuomba moto."

Meno yakasagana, krr. Mlango ukafunguliwa.

"Chota uende!"

"Asante mzee." Pimbi akainama penye jiko, taratibu, kama anachagua vitenge. "Hili dogo, halifiki. Hili lina ufa. Aa, hili zuri. Na hili mwenzake. Na mtoto wao."

"Wewe! Unahamisha jiko?"

"Kwangu kuna mawe, mzee. Mawe yanataka moto mwingi."

Akajaza kigae, akatoka nyatunyatu, mlango akauacha wazi kabisa! Akazunguka nyuma ya nyumba. Unafikiri alikwenda kwake? Thubutu! Akakaa kwenye gogo, akaota moto wake.

Upepo ukaingia sebuleni, vuuu! Matambara ya nyufa yakaanguka yenyewe.

"Pimbi!" Nyati akanguruma. "Rudisha kigae!"

"Nakuja mzee! Bado napuliza! Fuuu! Kuni mbichi hizi!"

"Pimbi wewe! Baridi inaingia!"

"Vumilia baba, moto wa kuomba hauna haraka! Fuuu!"

Mkewe, aliyekuwa ameinamisha kichwa mezani tangu asubuhi, akasema, "Si ufunge tu?"

"Nifunge? Maharage yako yasiive mwaka mzima, nitakula nini?"

"Basi acha wazi," mkewe akasema, anajipangusa macho. "Tena mimi kichwa kimeanza kuniachia."

Nyati hakusikiliza. Akatoka mbio, pembe mbele. "Nitakukanyaga tikitiki!"

Hatua chache tu, akayumba. Puu! Nyati mzima chini kwenye majani, dunia inazunguka.

"Nimerogwa!" akalia. "Pimbi ameniroga!"

Pimbi akaja akasimama mbele ya pua yake. Hakukimbia. Akamwambia, "Nani akuroge wewe? Umejifungia na jiko! Kifua chako kama ghala, umeanguka. Yule mwenye pafu kama punje ya kunde unadhani anafanya nini mle ndani? Anasinzia?"

Nyati akajizoa, akajikokota hadi mlangoni.

Mkewe akatoka na tundu amelikumbatia, akaliweka kizingitini, upepo usimpige moja kwa moja. Wote watatu wakainama kuangalia. Kasuku hajitikisi. Mke wa Nyati akaanza kulia kimyakimya.

Jicho moja likafunguka.

"Nilikwambia," Kasuku akasema, kwa sauti kama ya kifaranga. "Nilikwambia kichwa kinaniuma."

Akapumua. Akapumua tena. Halafu kwa nguvu, "Nilikwambia! Ukaongeza mkaa! Mkaa! Mimi ni ndege, baba, mimi si hindi!"

Pimbi alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo mke wa Nyati ndiye aliyeshika mambo ya joto, mumewe hakuulizwa. Jiko likahamia uani. Pimbi akamwonyesha namna ya kupasha mawe makavu nje kwenye moto, kuyafunga kwenye gunia, na kuyaweka karibu na tundu, chini yake hapana. Tundu likavikwa shuka, upande mmoja wazi. Dirisha likaachwa na nafasi, Kasuku akakaa mbali na upepo wake. Na bakuli la maji lisikauke, maana joto lolote lile linakausha koo.

Na Nyati, alisema asante? Nyoo! Wageni walipokuja akajipiga kifua, "Mawe haya nimeyabuni mimi mwenyewe, kwa akili yangu."

Kasuku akadakia kule juu kwenye kijiti, "Muongo huyo! Ni Pimbi! Yeye alitaka kunibanika!"

Wageni wakaangua kicheko, Nyati akatoka kwenda kuangalia ng'ambo ya mlima kama kuna kitu kimepotea huko.

Nguvu bila kusikiliza huua hata unayempenda.

Haya, kalaleni. Jiko nimeshalitoa nje, na yule anayetaka kuuliza aniulize akiwa chini ya blanketi.