Maini ya Akika ya Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nani?
Na Pimbi!
Ana nini?
Ana mbuzi!
Basi kaeni vizuri, msije mkawakanyaga.

Hapo kale Pimbi alifuga mbuzi bondeni, kando ya kijito. Juu yake, kwenye kijito hicho hicho, Fisi akafungua mwalo wa kuoshea dhahabu. Akatia zebaki, akachekecha, chwa-chwa-chwa! Akaokota dhahabu, akamwaga maji machafu kijitoni, bwaa! Akacheka, hihihi!

Mbuzi wa Pimbi wakanywa. Mmoja akatetemeka miguu. Mmoja akanyonyoka manyoya. Mmoja akatupa mimba. Ila mbuzi wa shemeji yake, waliokunywa juu ya mwalo, walinenepa wakirukaruka.

Pimbi akapanda kwa Fisi.

"Shikamoo, mzee. Maji yako yananimalizia mbuzi. Wakiisha hawa, wanangu watakula nini?"

"Marahaba. Maji yanang'aa kama kioo, we kijukuu cha panya! Mbuzi wako wavivu tu."

"Mzee, maji huficha. Maini hayafichi."

"Hihihi! Nenda zako!" Akachekecha, chwa-chwa-chwa! Akamwaga, bwaa!

Mungu si Athumani, mke wa Pimbi akajifungua. Pimbi akaalika bonde zima kwenye akika ya mtoto. Fisi akakalishwa mbele mkekani, akaletewa maini, maana kwa desturi yao maini huliwa kwanza na mkubwa wa wageni.

Fisi hakungoja hata bismillahi. Gubu! Gubu! Sinia jeupe.

"Alhamdulillahi," akasema Pimbi. "Mzee haogopi mbuzi wa kijito chake."

Fisi akaacha kulamba vidole. "Mbuzi wa kijito kipi?"

"Kwani tuna vijito vingapi, mzee?"

"Alikuwa akinywa wapi huyu? Sema!"

"Maji si yanang'aa kama kioo? Wasiwasi wa nini?"

Fisi akaruka kutoka mkekani.

"Mama yangu, zebaki! Nimeimwaga kwa mikono yangu, sasa imenirudia! Nilijua inaua mbuzi, nikanyamaza! Uwiii!"

Wageni wakainuka wote. Kisha Mama Kanga akasema, "Haya, mwenyewe kasema. Mpeni jembe."

Wakamsimamia achimbe shimo la maji machafu, mbali na kijito. Akachimba huku analia, "Pimbi mwanangu, nitafika kesho kweli?"

"Utafika, mzee. Mbuzi wa akika sharti awe mzima. Kwangu mzima nimtoe wapi? Yule nilimwomba kwa shemeji, huko juu."

Fisi akatupa jembe, pwaa! Wanyama wakamwokotea. "Chimba, mzee."

Hadithi yangu imeshiba, inalala. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni sufuria.

Na funzo lake, wanangu, Mola atughufirie: mkialikwa maini, kuleni kimya. Msiulize kabisa mnyama alikunywa wapi. Fisi aliuliza, na hadi leo ana malengelenge ya jembe.