Mundhiri na Moshi Ambao Haukuwashwa

Wametusimulia waliotutangulia katika wema, na ajuaye hakika ni Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba hapo zamani katika nchi ya Yemen aliishi fundi wa visima aliyeitwa Mundhiri bin Awsi. Alichimba visima, kisha akazijengea mawe kuta zake zisiporomoke. Alikuwa mcha Mungu wa kweli, msomaji wa Qur'ani, mwepesi wa kufunga na kuswali. Lakini alikuwa na maradhi mamoja, nayo ni kushuku. Alimshuku aliyemsifu, akamshuku na aliyemnyamazia. Akipewa zawadi hakulala vizuri mpaka ajue kinatafutwa nini kwake.

Tangu ujanani aliweka nia moja: siku moja ataacha kazi, ahamie Madina, awe jirani wa Mtume wa Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimshukie, na aswali katika msikiti wake mpaka mauti yamkute. Mkewe alipofariki, na ndevu zake mwenyewe zimeingia mvi, alisema wakati umewadia. Akagawa vyombo vyake vya kazi, akajiunga na msafara. Na kwa kuwa aliogopa mno kuzuiwa, alijiwekea kanuni kwamba lolote litakalomwita kando ya njia ile ni hila ya Iblisi, basi. Hakuna aliyemfundisha kanuni hiyo. Aliitunga mwenyewe na akaiona ndiyo uchamungu.

Hakufika mbali. Homa ilimwangusha njiani, na msafara haungeweza kumngoja, wakamwacha katika kijiji cha bonde la Sarha. Watu wa kijiji wakamuuguza vizuri sana. Vizuri kupita kiasi, alivyoona yeye. Mwanamke mmoja mtu mzima, Bi Rababu binti Kinana, alimletea uji wa mtama kila asubuhi, na mzee wa kijiji, Ghalibu, alimpa mkeka wake mwenyewe. Mundhiri alikula na kushukuru, huku moyoni akijiuliza, "Hawa wananitakia nini?"

Punde akajua. Kisima cha kijiji kilikuwa kimeporomoka, na wanawake waliteka maji kwenye chemchemi ya mbali, wakitoka alfajiri na kurudi adhuhuri, viriba vya ngozi vimewainamisha migongo. Katika kuweweseka kwa homa Mundhiri alikuwa ametaja visima, wakaelewa ni fundi.

"Mgeni wetu," akasema Mzee Ghalibu kwa upole, "tunakuomba kwa ajili ya Mungu, tujengee kisima."

"Audhubillahi," akajibu Mundhiri. "Mimi naelekea Madina. Kazi hiyo nimeiacha."

Hawakumlazimisha. Wakamwahidi kumwonyesha msafara ujao, maana misafara hupita nyuma ya mlima, mbali na macho ya watu wa bondeni, na desturi yao ilikuwa mlinzi wa juu akiiona huwasha moshi, ili watu wapande na samli na tende wakabadilishane. Misafara ilikuwa haba. Mundhiri akawa anakaa mlangoni, uso ameuelekeza mlimani, anangoja moshi.

Nguvu zilimrudia, moshi hakuuona. Akaanza kuhisi jambo. Akipita, mazungumzo hukatika. Akiuliza habari za njia, mtu hukumbuka ghafla kwamba mbuzi wake hawajafungwa. Hata wema ulizidi. Alfajiri moja uji ulikuja na asali. Mundhiri akaitazama ile asali kama mtu anayetazama nge.

Ijumaa hiyo, wakati wa kwenda kuswali, aliwaona watoto wa kijiji wamepakwa wanja mpya, mweusi, unaong'aa. Akasimama palepale. Ni Bi Rababu mwenyewe aliyewahi kumwambia kwamba wanja uliwaishia zamani, na kwamba huletwa na misafara tu.

"Mzee Ghalibu," akauliza baada ya swala, "wanja huu umetoka wapi?"

"Ni wa zamani, mgeni. Ulikuwa umebaki kidogo."

Mzee alijibu akitazama chini. Mundhiri akarudi nyumbani kifua kinamwaka. Bi Rababu alipomletea chakula, alikisukuma kando.

"Sili chakula cha mtu anayenificha jambo, mama."

Bi Rababu akaweka bakuli chini. Alijua fika kwamba akisema kweli fundi ataondoka, na bonde halitapata mwingine. Angeweza kusema kama alivyosema mzee.

"Msafara umepita jana, na watu wetu wakapanda kimyakimya kubadilishana," akasema. "Mimi ndiye niliyewakataza wasiwashe moshi. Mkwe wangu mimba ilimtoka njia ya chemchemi, kiriba kiko mgongoni. Nikasema hatabeba tena maji mwanamke wa hapa maadamu fundi yupo. Nimekudhulumu, na nimemwasi Mola wangu. Walilala nyuma ya mlima, wameondoka leo asubuhi; hawajafika mbali. Mwanangu Suhaimu ana ngamia mwepesi; ukiondoka sasa utawakuta kabla jua halijachwa. Nenda, na unisamehe."

Mundhiri akainuka. Moyo wake ulijaa hasira, na ndani ya hasira mlikuwa na furaha ya mtu aliyeshuku na kumbe alishuku kweli. Akachukua mfuko wake, akapanda nyuma ya Suhaimu, wakaupanda mlima.

Njia nzima Suhaimu hakusema kitu. Mundhiri akamshuku. Alingoja aanze kumbembeleza, atoe machozi, au ampoteze njia kusudi. Suhaimu alimpeleka moja kwa moja. Walipofika kileleni vumbi la msafara lilionekana wazi ng'ambo, karibu kabisa.

"Aliyeharibikiwa na mimba," Mundhiri akauliza, "ni mkeo?"

"Ndiye."

"Mbona hukuniambia njia yote hii?"

"Mama amenituma nikufikishe," akasema Suhaimu. "Hakunituma nikushawishi."

Hapo Mundhiri akaomba ashushwe. Akasimama akitazama vumbi lile alilolitamani tangu ujana, na moyo ukamuuma. Alikuwa amemtafuta Iblisi katika kila uso wa bondeni, na mbele yake alisimama mtu mwenye shida kubwa kuliko yake ambaye hakutaka hata kumrai. Akajiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza: ni nani aliyemwambia kwamba Mola wake yuko mwisho wa safari tu, na njiani hayupo? Akatayamamu kwa mchanga, akaswali rakaa mbili. Alipotoa salamu, machozi yamelowesha ndevu.

"Nirudishe," akamwambia Suhaimu.

Kijiji kizima kilitoka kumpokea, naye akawakatisha shangwe. "Sikilizeni. Madina sijaiacha, na nitakwenda. Nitawajengea kisima kwa sharti moja: kila msafara upitao, washeni moshi niuone. Nataka kukaa hapa kwa hiari yangu, sio kwa kufichwa." Kisha akamgeukia Bi Rababu. "Na wewe, mama, nimekusamehe. Nisamehe nawe, maana chakula chako nilikula nikikutukana moyoni."

Kazi ilichukua miaka, muda mrefu kuliko alivyodhani. Mchanga uliporomoka, wakaanza upya. Mawe mazuri yalikuwa mbali. Moshi ulipanda mlimani, watu wakasimama kumtazama. Naye akautazama mpaka ukaisha, akashuka tena shimoni. Hatimaye maji yakatoka, matamu. Mke wa Suhaimu ndiye aliyepewa ya kwanza kunywa.

Huenda wewe unayesoma unangoja nikwambie kwamba ule msafara alioukosa ulivamiwa na majambazi, ili tuone alivyookolewa. Sitakwambia hivyo, kwa kuwa haikuwa hivyo. Ulifika salama salimini, na waliokuwemo walipata ujirani alioutaka yeye. Mundhiri alikosa kweli. Alipoondoka bondeni alikuwa mzee wa kushikwa mkono, na Madina aliishi Ramadhani moja tu, akafariki katika mwezi wa Shawali.

Husimuliwa kwamba siku moja katika Ramadhani hiyo mtu mmoja alimkuta msikitini akilia, akamuuliza, "Shekhe, unalilia nini na umeshafika?"

"Nalia kwa sababu nimefika nimechoka," akasema. "Nilitaka kukaa hapa zaidi."

"Basi unajuta kukichimba kile kisima?"

Mundhiri akashangaa kama mtu aliyeulizwa jambo geni. "Hapana," akasema. "Wallahi, hapana."

Mola amrehemu, na atupe sisi moyo kama ule, wenye kushika nia yake bila kuwafungia waja mlango. Ukipanga safari yako, ipange kwa azma. Akikutokea mtu njiani na haja yake, mshuku ukitaka. Lakini ishuku kwanza haraka yako.