Bi Pimbi Acheza Mpira wa Mezani na Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Dadu ziko wapi?
Mkononi!
Nizirushe?
Zirusheee!

Haya. Hapo kale, ila si kale sana, mtalii mmoja alisahau sanduku kando ya bwawa. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa mpira wa Kimarekani, ule unaoitwa mpira wa miguu na huku watu wanaubeba kwa mikono. Msinicheke mimi, wachekeni wenyewe. Ila huu ulikuwa wa mezani: ubao wenye mistari, kijimpira cha mti mfano wa yai, dadu, na kadi.

Unachezwa hivi. Mpira unaanzia katikati ya ubao. Mwenye mpira anaficha kadi moja, Chini au Juu. Ukipita Chini, unasogea hatua chache kwa hesabu ya dadu. Ukipita Juu, unaruka mpaka mstari wa mwisho, umeshinda! Lakini anayelinda naye anaficha kadi yake. Akilinda Chini nawe umepita Chini, mpira hausogei. Akilinda Juu nawe umerusha Juu, anakunyang'anya.

Basi kiangazi kikaja kikali, maji yakabaki bwawani tu. Na bwawani amejilaza nani? Kiboko.

"Anayetaka maji anishinde mchezo," akasema. "Akishindwa, anikatie majani kiangazi chote."

Akaja Nyumbu. Akautazama ule mwili, akawaza, "Huyu lazima atapita Chini, atanikanyaga." Akalinda Chini. Kiboko akarusha Juu. Pwaaa! Nyumbu huyoo, akakate majani. Akaja Ngiri. Naye akautazama ule mwili, naye akalinda Chini. Pwaaa! Ngiri huyoo, akakate majani.

Juu ya jiwe palikuwa na Bi Pimbi, mdogo, mnene kiasi, na watoto wake watatu wakilamba umande uliokwisha kukauka. Siku tatu alitazama. Siku ya nne akashuka.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Nimekuja kucheza."

"Marahaba. Wewe na ufupi huo, majani utayakatia wapi? Ukishindwa, nataka jiwe lako. Niegemeze mgongo."

Jiwe lile ndilo lilikuwa nyumba yake. Bi Pimbi aliwatazama wanawe, midomo imewapasuka. Akasema, "Haya."

Mzee Kobe akawekwa mwamuzi, maana hana haraka.

Kiboko akaanza. Akaficha kadi, pua zikifuka, pfuuu! Bi Pimbi akawaza: huyu hali jani moja moja, atakula hatua moja moja? Akalinda Juu.

"Fungueni," akasema Mzee Kobe.

Juu kwa Juu! Mpira wa Bi Pimbi, hatua hamsini mbele yake.

"Umebahatisha," Kiboko akanguruma.

"Labda," akasema Bi Pimbi. Akaficha kadi yake. "Bwana Kiboko, mimi sijui kudanganya. Napita Chini."

"Ho ho ho! Nani anasema kweli mchezoni?" Kiboko akalinda Juu.

Fungueni. Chini! Dadu: ka-ka-ka, nne.

"Bwana Kiboko, napita Chini."

"Ho ho! Mara ya pili hunipati." Akalinda Juu.

Fungueni. Chini! Ka-ka-ka, tatu.

"Bwana Kiboko, napita Chini."

"Ho..." Kiboko akajikuna sikio. Akalinda Juu, lakini kwa shida.

Fungueni. Chini! Ka-ka-ka, tano.

Nyumbu akaacha kukata majani. Ngiri akaacha kukata majani. Zimebaki hatua thelathini na nane.

Bi Pimbi akaficha kadi. Sauti ikatoka kidogo: "Bwana Kiboko, napita Chini."

Kiboko akamtazama kwa huruma. "Masikini, huyu kweli hajui uongo!" Akalinda Chini.

Fungueni.

Juu! Pwaaaa! Kijimpira mpaka mstari wa mwisho.

"Amenidanganya!" Kiboko akapiga ukelele. "Mzee Kobe, amenidanganya!"

Mzee Kobe akafungua karatasi ya sheria, akaisoma yote, polepole, mpaka watu wakapiga miayo. "Hapa pameandikwa kadi," akasema. "Pameandikwa dadu. Mdomo haukuandikwa."

Bi Pimbi akawaita wote bwawani. Siku hiyo walikunywa Nyumbu, Ngiri, na watoto watatu wa Bi Pimbi mpaka matumbo yakawa ngoma, ndi-ndi-ndi. Kiboko akasogea pembeni, macho tu yakionekana majini.

Kesho yake asubuhi akaja kwenye jiwe. "Bi Pimbi, tucheze tena. Lakini leo utasema kweli?"

"Kweli tupu, Bwana Kiboko. Napita Chini."

Kiboko akashika kadi ya Chini, akaiacha. Akashika ya Juu, akaiacha. Mpaka leo anafikiri, na bwawa lina nafasi tele.

Hadithi yangu imevuka mstari. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka aiache mezani.

Na funzo? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami nakubali kabisa. Ya Bi Pimbi ilikuwa hatua thelathini na nane tu.