Nani Ashuke Dunguni?

Sikilizeni, nyinyi mliolala vizuri jana.

Palikuwa na ndugu watatu waliolinda mahindi kwa zamu, mchana dhidi ya nyani, usiku dhidi ya nguruwe, juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba. Wakesho, dada mkubwa, aliijua milio ya tumbili ya kuonyana hatari: huu wa tai, huu wa nyoka, huu wa chui. Mghoi alizijua sura za nyani, nani mkubwa, nani kafiwa. Shako alijua kukaa nao, macho chini, akichapachapa midomo, mpaka wakamtoa chawa.

Walikuwa wamechoka. Nyani hupumzika mchana wakichambuana manyoya, lakini mlinzi hana wa kumchambua. Wakesho alikwisha fika mahali pa kuwaonea wivu.

Asubuhi moja Mbeyu, mama yao mdogo, aliwaletea uji. Akamlaza mwanawe mchanga chini ya dungu, kama ilivyo desturi, akaenda kupalilia. Wote watatu wakainamia bakuli. Nyani wakaingia, na walipotoka mtoto hayupo.

Mbeyu akainua jiwe.

"Weka chini, mama!" Mghoi akamshika mkono. "Aliyemchukua ni yule jike mwenye mkia uliokatika. Alifiwa na mwanawe juzi. Ukimrushia, atapanda naye mwambani."

Shako akatambaa, akaketi karibu, akachapachapa midomo. Jike akamsogelea, akaanza kumpekua nywele kwa mkono mmoja. Wa pili ulimkumbatia mtoto.

Ghafla tumbili wakalia mitini. Wakesho, kope zikiwa nzito, akasikia.

"Chui! Mchukue sasa, Shako, kabla hawajakimbia!"

Jike aligeuka kutazama, mkono ukalegea. Shako akampokonya mtoto, na kundi zima likaparamia miti.

Mbeyu alilia sana. Alipokwisha kumnyonyesha akasema, "Wanangu, sina cha kuwapa ila mgongo wangu. Mmoja wenu nitamshikia zamu zake mpaka mavuno, akalale. Wawili siwawezi, na mtoto huyu."

Wakesho alingoja mmoja aseme, "Apewe mwenzangu." Hakuna aliyesema. Naye hakusema, akaona haya, lakini usingizi hauna haya.

Mbeyu ameshika ngazi. Jua likipoa, nyani watarudi. Bila jicho la Mghoi, bila kichwa cha Shako, bila sikio la Wakesho, mtoto asingerudi.

Haya, nyinyi mliolala: mngempa nani usingizi?